Mlima humkomaza nani?

Hapa Moshi wapagazi wa Mlima Kilimanjaro huitwa wagumu. Kijana akimaliza kidato cha nne na kuanza kushinda kijiweni, hukosi jirani wa kumwambia mzazi: mpeleke mlimani akakomae.

Wasemao hivyo wana hoja. Mzigo unapimwa getini, kikomo kilo 20, kisha ni kupanda na kushuka siku tano hadi nane: mvua ya msituni, baridi ya kambi ya Barafu kwenye mita zaidi ya 4,600, na mgeni akifika akute hema limeshasimama. Ipo pia kazi ambayo wengi huikwepa, kubeba choo cha wageni. Anayekibeba ndiye anayekisafisha, kila kambi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, Majengo, alianzia hapo. Safari ya kwanza alitapika kwa kujificha nyuma ya mawe. Ya tatu alikuwa akimaliza kukiosha, ananawa, anakula ugali wake. Sasa anasomea uongozaji wageni, na Kiingereza kilichomshinda shuleni anakikazania usiku.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Eisenberger, alilieleza jambo hili mwaka 1992: juhudi ikilipwa mara kwa mara, kule kujikaza kwenyewe hupungua uchungu, na mtu huhamishia kujikaza huko kwenye kazi nyingine.

Ikilipwa. Neno hilo ndilo tunalolisahau. Mwaka 1967 wanasaikolojia wengine, Martin Seligman na Steven Maier, waliwapiga mbwa shoti za umeme ambazo mbwa hao hawakuwa na namna ya kuzizima. Walipohamishiwa mahali ambapo kuruka kizuizi tu kungewaokoa, wengi walilala chini wakazipokea. Mpagazi anayesota getini siku nyingi bila kuchukuliwa, akipanda analipwa pungufu, na tipu yake inapita mikono mingi kabla ya kumfikia, anajifunza somo lile lile: jasho langu halibadilishi kitu. Akiacha, mtaa unamwita mvivu. Mimi sikubali.

Na kuna ugumu unaoua. Kichwa kikipasuka, mtu akitapika na kuyumba kule juu, dawa kubwa ni kushushwa. Anayeficha dalili kwa kuhofia kwamba hataitwa safari ijayo anavumilia asichopaswa kuvumilia, na sifa tunazommwagia za ugumu zinamsukuma zaidi.

Wazee wetu waliokwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kuzibua mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, waliinama kwenye tope la baridi, na hakuna aliyelifurahia. Lakini zamu ikifika, maji yaliingia kwenye migomba yao wakiyaona kwa macho.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe aulize kwanza: malipo yanatoka lini, tipu inagawiwa na nani, koti na viatu vipo, akiugua nani atamshusha? Majibu yakiwa mazuri, abebe hata hicho choo.

Yule kijana wa Majengo alilipwa siku aliyoshuka, palepale geti la Mweka, akazihesabu noti mwenyewe. Rafiki yake, aliyepanda wiki hiyohiyo na kampuni nyingine, alisubiri miezi miwili. Huyo hajarudi mlimani.