Lula Mlangoni mwa Kanisa

Riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird, iliyotoka mwaka 1960, imewahi kukataliwa na pande mbili ambazo kwa jambo lingine lolote zisingepatana. Mwaka 1966 bodi ya elimu ya kaunti ya Hanover, Virginia, iliiona kuwa inapotosha maadili. Mwaka 2022 bodi ya shule za Mukilteo, jimboni Washington, iliiondoa kwenye orodha ya vitabu vya lazima, baada ya walimu kulalamika kwamba inamtukuza mkombozi Mzungu huku Weusi wakibaki bila sauti.

Lalamiko hili la pili ni zito. Tom Robinson, Mweusi anayesingiziwa kumbaka binti wa Kizungu katika mji wa Maycomb, Alabama, miaka ya 1930, ana mkono wa kushoto uliolemaa, ilhali aliyempiga binti yule alitumia zaidi mkono wa kushoto. Hata hivyo baraza la mahakama lenye Wazungu pekee linamtia hatiani, na baadaye anauawa gerezani kwa risasi 17. Sisi wasomaji, hata hivyo, tunafundishwa kumlilia Atticus, wakili wake, ambaye Weusi waliojazana roshani ya mahakama wanasimama kumheshimu anapotoka.

Watetezi hujibu kwamba msimuliaji, Scout bintiye Atticus, ni mtoto, na mtoto huona anachoonyeshwa. Jibu hilo lina nguvu, kwani uzuri wa kitabu umo katika namna ukatili wa watu wazima unavyopita mbele ya macho yasiyouelewa. Lakini ni nusu ya jibu, maana anayesimulia ni Scout aliyekwisha kukua, mwenye uhuru wa kuongeza alichokosa kuona utotoni.

Kwangu, kipimo ni sura ya 12. Calpurnia, mpishi na mlezi wa watoto wa Atticus, anawapeleka kanisani kwake, na Scout anashangaa kumsikia akisema kwa lafudhi nyingine kabisa, kana kwamba ana maisha mawili. Mlangoni mwanamke aitwaye Lula anauliza kwa nini watoto wa Kizungu waletwe kwenye kanisa la Weusi wakati wana lao. Ni swali la haki, tena la pekee la namna hiyo katika riwaya nzima. Zeebo, mwana wa Calpurnia, anasema Lula ni mgomvi wa siku nyingi, na hatumwoni tena.

Ila Lee hakuwa kipofu wa swali hilo. Katika Go Set a Watchman, mswada alioutangulia kuandika ukachapishwa mwaka 2015, Scout mtu mzima anamtembelea Calpurnia, anapokewa kwa adabu baridi kama mgeni, naye anamuuliza: je, mlituchukia? Calpurnia ananyamaza kwa muda mrefu kabla ya kutikisa kichwa kukana. Ukurasa huo ulikuwepo tayari, na haukuingia katika kitabu kinachosomwa shuleni.