Soksi za Shule

Nesi alisema soksi. Hakusema mawese. Naanza na hilo kwa sababu huku Ujiji kuna habari inatembea kwamba hospitali ya Mwanza ndiyo iliyoniandikia nijipake mafuta ya kupikia, na anayeitembeza ni Shangazi yangu mwenyewe, aliyenipaka kwa mikono yake miwili.

Mimi nauza vitenge soko la Mwanga. Nilipogundulika nina saratani ya titi nikawa nakwenda Mwanza kuchomwa kemo, dozi moja kila baada ya siku 21. Kwa asiyeijua, dawa ya kemo inawinda chembe zinazokua haraka, na mwilini mwa mtu zinazokua haraka si za saratani peke yake. Za mizizi ya nywele zimo, za ndani ya mdomo zimo, za kucha zimo. Dawa haiulizi kitambulisho. Inacharaza wote, wasio na kosa watapona baadaye.

Dozi ya kwanza Shangazi alinisindikiza. Mojawapo ya dawa zangu, doksorubisini, ni nyekundu kabisa, unaiona inavyoshuka kwenye mpira, na ukishachomwa, siku moja au mbili mkojo nao unatoka na wekundu wake. Mimi nilishaambiwa. Shangazi saa hiyo alikuwa ametoka kununua maji. Usiku, kule gesti tulikofikia, akaingia chooni nyuma yangu kabla sijamwaga maji. Yowe alilopiga liliwatoa wapangaji vyumbani, mmoja na taulo, mwingine na ufagio. "Mtoto wa kaka yangu anaisha jamani!" Nikasimama kwenye korido na kanga yangu nikiwaeleza watu nisiowajua rangi ya mkojo wangu na sababu zake za kitaalamu. Tangu usiku ule Shangazi hapokei neno la hospitali mpaka aliongezee kidogo la kwake.

Na kwenye habari za mafuta, huyu si mtu wa kubishana naye. Ana michikichi yake upande wa Mwandiga, anakamua mwenyewe, anauza mwenyewe. Wasio wa Kigoma niwaeleze: chikichi moja ina mafuta mawili. Nyama ya nje inatoa mawese, yale ya rangi ya machungwa yaliyoiva, ya kupikia. Kiini cha ndani kinatoa mise, ya kupaka mwilini na kichwani. Sisi tumepakwa mise tangu tukiwa wachanga. Serikali ilipoanza kuhimiza michikichi mwaka 2018, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikawa kinazalisha mbegu za tenera, aina ya mchikichi yenye mafuta mengi, Shangazi alichukulia kwamba hatimaye nchi imemsikia. Ukimwambia "mafuta ya dukani", anakutazama mpaka unaomba radhi.

Sasa, kule Mwanza kuna nesi mtu mzima ambaye dripu zikishaanza kudondoka anatupitia wanawake kitanda kwa kitanda kutufunda urembo. Anafunda kwa amri. Nywele zitaanza kutoka wiki ya pili au ya tatu, "usingoje uziokote kwenye ugali, kata fupi mapema," na ukinyoa nyoa kwa mashine, si kwa wembe, kwa sababu dawa inashusha kinga na chembe za kugandisha damu, kijeraha kidogo kinaweza kugeuka kesi kubwa. Mswaki uwe laini. Wanja wako ni wako, hata dada yako wa tumbo moja asiuguse. Ngozi ya pembeni ya kucha isikatwe. Piko asilitaje mtu mbele yake. Ile ni rangi ya nywele, anasema, na ngozi iliyochoka kwa kemo inaweza kuungua. Mafuta ya mwili yasiwe na manukato. Na viganja na nyayo zikikauka hadi kupasuka, "usiku paka mafuta mazito, vaa soksi za pamba miguuni na mikononi, lala." Hapo ndipo soksi zilipoingia maishani mwangu.

Nywele zilitoka wiki ya tatu, sina hadithi ndefu. Nililia, kisha nikajifunga kilemba cha kitenge cha pamba (satini inateleza kwenye kichwa kitupu, msidanganyike na mng'ao), na ajabu ni kwamba biashara ilichangamka, wateja wakawa wanataka "kitenge hicho hicho na unifunge hivyo hivyo." Kilichoniuma zaidi ni nyusi. Kichwa utakifunika, nyusi utazifunika na nini? Uso usio na nyusi haueleweki. Nikifurahi watu waliniuliza kama nimefiwa. Bahati nilikuwa nimezipiga picha kabla hazijaondoka. Kwa hiyo kila asubuhi naweka simu mbele, napaka poda kwanza ili wanja ushike, halafu nachora vimstari vifupi vifupi kama nyusi za kweli, si ule upinde mmoja wa bibi harusi. Kope nazo zilipoaga, vumbi la barabarani likawa linaingia machoni moja kwa moja, nikanunua miwani nyeusi. Wigi ninalo, la nailoni, la siku za kutoka. Muuzaji alinionya nisiinamie nalo sufuria la mafuta ya moto, litayeyuka likiwa kichwani.

Basi. Kabla ya kusafiri kwa kila dozi napima damu huku huku Kigoma, matokeo yanatumwa Mwanza kwa simu, kwa sababu damu ikiwa chini hawakuchomi, na basi la Mwanza si la kupanda kwenda kurudishwa mlangoni. Jioni ya kuamkia kipimo umeme ukakatika. Mimi nipo kitandani hoi. Pua yangu siku zile ilikuwa imesusa. Nusu ya harufu sizipati, na nyingine nazipata kama ladha ya msumari ulimini. Shangazi akaingia na chupa mbili za maji zisizo na lebo.

"Mwanangu, leta kichwa."

"Abee."

Akakipaka kichwa, akashuka usoni, shingoni, mikononi, chupa ya kwanza. Ile ilikuwa mise, sina ugomvi nayo, ingawa alipaka ya kutosha watu watatu. Halafu akashika viganja vyangu, akavisoma kwa vidole gizani, akaguna.

"Hivi vimekauka mpaka vinalia. Hivi vinataka kitu chenye vitamini."

Nikasikia chupa ya pili ikifunguliwa. Redioni walikuwa wamesema mafuta ya Kigoma yana vitamini A, naye aliisikiliza habari hiyo kwa fahari ya mzazi wa mtoto aliyefaulu. Redio ilisema kweli. Ila redio ilikuwa inazungumzia kula. Akanipaka viganja, akanipaka nyayo, akasugua kila kucha, kisha akanivika soksi nyeusi za shule za mwanangu, jozi miguuni na jozi mikononi. Nikalala.

Alfajiri umeme bado. Nikavua soksi kwa mwanga wa simu, nikanawa kwa sabuni, nikachora nyusi, nikapachika wigi, nikavaa miwani, nikaita bajaji. Kwenye bajaji ndipo nilipoanza kuhisi mambo hayakai mahali pake. Wigi halina pa kushika isipokuwa kichwa, na kichwa kilikuwa kimelowa mise. Nikigeuza shingo kuangalia magari, wigi linabaki limetazama mbele. Dereva alinitupia jicho kwenye kioo, akanusa, akasema kwa adabu, "Mama, samahani, kama umebeba sombe liweke wima, lisimwagikie kwenye kiti."

"Sijabeba sombe." (Sombe ndiyo kisamvu.)

"Sawa mama," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeamua kutobishana na mgonjwa.

Pale tulipopimia kulikuwa na foleni. Mzee mmoja aliyefuata nyuma yangu akawa anafungua na kufunga mdomo, anameza mate. Mwishowe akauliza foleni nzima nani amekuja na chakula, maana yeye ameambiwa asile mpaka atolewe damu, na huku ni kumtesa. Watu wakaangaliana. Nami nikamwangalia jirani yangu wa kushoto kwa lawama.

Ndani, nesi alinivalisha kidoleni kile kidude cha kupima hewa ya damu. Kikachomoka. Akakirudisha, kikachomoka, kikaruka chini ya meza. Akafunga mpira juu ya kiwiko ili mshipa utokee, mpira ukateleza mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alipofanikiwa kutoa damu akabandika pamba na plasta. Plasta ikasafiri taratibu, yenyewe, kuelekea kwenye kiganja. Akaifuata kwa macho. Akakigeuza kiganja kwenye mwanga wa dirisha. Akaita, "Dokta!"

Dokta ni kijana, mgeni wa mkoa, ana mwezi huku. Akashika mikono yangu. Hapo na mimi nikaiona kwa mara ya kwanza: viganja vya njano, mikunjo ya vidole ya machungwa, na kucha, ambazo dawa ilishazichora mistari myeusi, sasa zina kingo za rangi ya kutu. Akaomba nivue viatu. Nyayo hivyo hivyo.

"Mama, umepaka hina?"

"Sijapaka."

"Umekula karoti nyingi?"

"Karoti za nini?"

"Umepaka kitu chochote?"

"Mise tu. Na mise haina rangi hii."

Uso wake ukabadilika, na tumbo langu likabadilika nao. Mgonjwa wa kemo akigeuka njano, kinachofikiriwa kwanza ni ini. Ini ndilo linaloisafisha ile dawa nyekundu. Likisumbuka, dozi inapunguzwa au inasimamishwa. Hilo nililijua, na nililijua vizuri mno kwa wakati ule.

"Vua miwani nione macho."

Nikavua. Alikaa kimya sekunde kadhaa, na nesi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika ndani ya barakoa. Nilijiona kwenye kioo cha kabati. Wanja ulikuwa umeteremka na mafuta. Nyusi ya kulia ilikuwa imefika kwenye kigubiko cha jicho, ya kushoto ilikuwa shavuni inaendelea na safari.

"Macho ni meupe," dokta akasema, akijikaza. "Ini likiwa na shida, weupe wa jicho nao unageuka njano. Hii inanichanganya. Mkojo wako una rangi gani?"

"Dokta, habari ya mkojo naomba tusiianze."

Akaagiza wapime na bilirubini, ile rangi ya njano ya damuni inayopanda ini likisumbuka. Akapiga picha viganja vyangu, akazituma Mwanza. Mimi nikakalishwa kwenye benchi kusubiri, na dereva wa bajaji, aliyekuwa bado nje anasubiri abiria, akasikia neno "ini" dirishani. Sijui alipita njia gani, lakini haikuchukua muda wanawake wa kikundi chetu cha kukopeshana walifika na kanga zao mabegani, mmoja ameshaanza kulia tangu mlangoni. Mweka hazina alinishika mkono uliokuwa unateleza akaniambia nisiwe na wasiwasi na deni. Deni lenyewe lilikuwa limebaki kidogo. Nikanyamaza, nikaona tusiharibu mazingira.

Shangazi aliingia mwisho, hotipoti kichwani. Alikuwa amesikia njiani kwamba nimegeuka njano, naye kwa akili yake njano dawa yake ni kula. Akalitua kwenye meza ya dokta, juu ya mafaili, akafunua. Sombe, limeungwa likaelea mawese. Yule mzee wa foleni akasimama.

Dokta alilitazama sombe. Akatazama mfuniko uliokuwa unadondosha tone la machungwa kwenye karatasi nyeupe. Akachovya kidole, akapaka kwenye kiganja chake mwenyewe, akasugua. Akaja akakiweka kiganja chake kando ya changu.

"Bibi, shikamoo. Haya mafuta ndiyo aliyopaka mgonjwa?"

"Marahaba baba. Hajapaka yeye, angejua nini? Nimempaka mimi, na soksi nikamvika, kama mlivyoagiza."

Yule mama aliyekuwa analia akanyamaza ghafla, akanusa hewa, akasema, "Kumbe!" Benchi zima likaangua kicheko, mweka hazina akarudisha kanga begani na deni langu likafufuka hapo hapo. Nesi alitoka nje kabisa. Majibu yalipokuja bilirubini ilikuwa kawaida na damu inatosha kuchomwa. Mwanza wakajibu zile picha kwa sauti, na sauti ilikuwa ya nesi wetu wa urembo. Ujumbe mzima sitaurudia, ila ulianza na majina yangu yote matatu na neno "vaselini" limo mara nyingi.

Nikapewa spiriti na pamba nifute viganja. Haikutosha, nikasafiri na njano yangu. Wakati najiweka sawa, nyusi naziondoa kabisa maana zilishakuwa za mtu mwingine, nesi alirudi ndani, barakoa ameishusha kidevuni, anafuta machozi. Akalichungulia lile hotipoti.

"Bibi, na mimi ningependa. Lita unauza shilingi ngapi?"

Shangazi akamkagua kuanzia viganja mpaka viatu.

"Ya kula au ya kupaka?"