Beki akiteleza tu, "kauza"

Zamani uwanjani Mkwakwani, hapa Tanga, beki akikosea jukwaa zima linamtukana, ataitwa mzembe, ataambiwa arudi akavue samaki, basi yanaisha, wiki ijayo akiokoa mpira kwenye mstari anabebwa juu. Siku hizi akiteleza unasikia neno moja tu, kauza, yaani kala hela ili timu ifungwe. Na anayelisema mara nyingi ana mkeka wa kubeti kwenye simu, mechi 12, kaweka buku, na huyo beki ndo kamchania.

Kwangu mimi hapa ndo hela ya kubeti ilipotuumiza zaidi, imeharibu mpaka mechi ambazo hazijauzwa. Mwaka jana kwenye ndondo, mechi za mtaani, huku Ngamiani kipa mmoja, mtoto wa jirani yangu, mpira ulimponyoka kwenye mvua tukafungwa. Ndondo jamani, mechi ambayo haipo kwenye mkeka wa kampuni yoyote! Kesho yake mama yake akaniita mlangoni, "hivi baba, wewe ulikuwepo, mwanangu kweli kala hela?" Nikamwambia hapana mama, ni mvua. Yule kijana mazoezini hajarudi mpaka leo na mimi naumia kwa sababu jana yake nilipiga kelele na wenzangu.

Sisemi kuuza hakupo. Novemba 2016 Afrika Kusini walicheza na Senegal kutafuta Kombe la Dunia, refa wa Ghana, Joseph Lamptey, akatoa penati kwa mpira uliomgonga Koulibaly, beki wa Senegal, gotini, Afrika Kusini wakashinda 2-1. Wanaofuatilia masoko ya kubeti wakaona hela zinaingia sivyo. FIFA ikamfungia maisha, mechi ikarudiwa 2017, Senegal wakashinda 2-0 wakaenda Urusi. Na kwetu 2016 Geita Gold walimpiga JKT Kanembwa 8-0 na Polisi Tabora wakampiga JKT Oljoro 7-0, wote wanataka kupanda ligi kuu, TFF, shirikisho letu la soka, ikawashusha na Mbao FC ndo wakapanda. Ile ilikuwa tamaa ya kupanda daraja, haikuwa mikeka. (Msimu huohuo Tanga tulishusha timu tatu kwa mpigo toka ligi kuu, Coastal, African Sports na Mgambo, tulilia sana ila tulijua tunalia kwa sababu timu zetu zilikuwa mbovu.)

Sasa mnunuzi wa mechi wa siku hizi hata hataki ufungwe, maana watu wanabeti kona, wanabeti kadi, wanabeti magoli ya kipindi cha kwanza. Kijana kapanga chumba Makorora, hajalipwa miezi mitatu, anapigiwa simu na mtu anamwita mdogo wangu, anaambiwa wewe cheza mpira wako tu, shinda hata tano, ila kabla ya mapumziko chukua kadi ya njano. Anajiambia timu sijaiuza. Akishapokea muamala wamemshika, mara ya pili hawambembelezi tena, wanamwambia tutakutangaza, na safari hii wanataka penati.

Halafu tunamlaumu yeye peke yake wakati kifuani kavaa jina la kampuni ya kubeti. Ivan Toney, mshambuliaji wa England, alifungiwa miezi 8 mwaka 2023 kwa kubeti, na jezi yake ya Brentford ilikuwa inatangaza kampuni ya kubeti. Alikosea, sheria anaijua, lakini mtoto anayeangalia anajifunza nini hapo?

Viongozi wa timu za madaraja ya chini mnajua wachezaji gani mnawadai uaminifu na hamjawalipa hata nauli, wanunuzi nao wanawajua haohao. Lipeni mishahara tarehe yake. Na TFF iwape wachezaji namba ya mtu mmoja wa kumwambia, asiye kiongozi wa klabu yao, ili ile simu ikiita usiku kijana ajue kesho asubuhi anampigia nani.