Kila Mgeni wa Klabu ya Magobori Apewe Kungwi

Kwetu Tabora, neno gobori utalisikia mahali pawili: kwenye hadithi za wazee, au kwenye taarifa ya polisi kwamba fulani kakamatwa nalo porini. Kwa hiyo ndugu zangu hawanielewi nikiwaambia kwamba huku niliko, kusini mwa Indiana nchini Marekani, kuna watu wazima wanaolipa ada ya mwaka ili wakutane Jumamosi moja kila mwezi, washindilie baruti na risasi kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, kupitia mdomo wa mtutu, wapige, wasafishe, waanze upya. Mimi ni mmoja wao, huu mwaka wa saba, na mchezo huu naupenda kwa dhati. Ndiyo maana namna tunavyotafuta wanachama wapya inaniuma.

Indiana ndiyo maskani ya mchezo wenyewe. Chama cha kitaifa, National Muzzle Loading Rifle Association, kilianzishwa 1933 na makao yake yako Friendship, kijiji kidogo ambacho kila Juni na Septemba hujaa mahema, moshi na wapigaji kutoka majimbo ya mbali. Ukifika huko siku za mashindano huwezi kuamini kwamba kuna upungufu wa watu. Upungufu uko kwenye klabu ndogo kama yetu, yenye kibanda kimoja, bomba moja la maji na uwanja wa kuazima kwa mkulima. Nilijiunga nikiwa na miaka 38, na nilikuwa kijana wao. Kila Aprili tunafungua msimu kwa kusoma majina ya waliotutoka wakati wa baridi.

Mwaka 2021 kiwanda cha baruti nyeusi cha Minden, Louisiana, kilitangaziwa kufungwa, na Marekani nzima haikuwa na kingine. Kwa miezi kadhaa hatukuongea lolote ila baruti: nani amebakiwa na makopo mangapi, nani atamgawia nani. Mwaka uliofuata kikapata mwenye kukinunua na roho zikatulia. Natamani tungehangaika vivyo hivyo siku daftari la wanachama lilipoanza kuwa jembamba.

Kwenye mkutano mkuu hoja ni zile zile. Tuchape vipeperushi, tupunguze ada, vijana wameharibiwa na simu. Wengine wanayalaumu magobori ya kisasa, yale ambayo Tony Knight aliyaingiza sokoni mwaka 1985, yanayowashwa kwa fataki iliyokaa nyuma ya mtutu na kufungwa darubini juu. Watu huyanunua kwa ajili ya msimu wa kulungu wa Desemba, wakimaliza wanayarudisha kabatini. Wazee wetu hawataki hata kuyaona uwanjani. Nawaheshimu wazee, lakini hapa nasema hapana. Mtu aliyekwisha kupima baruti kwa mkono wake na kusukuma risasi kwa mdeki, darubini au bila darubini, ameshafika mlangoni petu. Pennsylvania walifungua msimu wa kulungu wa bunduki za gumegume tupu, zile zinazowashwa kwa cheche za jiwe, mwaka 1974, na waliotaka kuingia msituni siku hizo ikabidi wajifunze kuliwasha jiwe. Kumbe watu hujifunza, wakipata sababu na wakipata wa kuwafundisha.

Wa kuwafundisha. Hapo ndipo pangu.

Mara ya kwanza nilikwenda klabu nyingine, siyo hii. Nilisimama nyuma ya kamba saa mbili nzima. Watu hawakuwa wabaya. Waliniangalia, wakatabasamu, wakaendelea na yao. Mmoja alinitajia bei ya gobori lake, zaidi ya dola elfu moja, akaondoka. Nikarudi nyumbani na sikukanyaga tena. Hakuna daftari linaloandika watu wa namna yangu ile siku, waliofika wakaondoka kimya. Naamini ni wengi kuliko wanachama.

Miaka miwili baadaye nikapita hapa tulipo sasa, na mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akaja moja kwa moja, akaniuliza kama nimewahi kupiga. Nikamwambia babu yangu alikuwa nalo, mimi sijawahi. Akanipa pembe lake la baruti. Akanionyesha kwamba baruti haimiminwi kwenye mtutu kutoka kwenye pembe, inapimwa kwanza kwenye kikombe cha shaba, kwa sababu cheche iliyobaki ndani inaweza kuliripua pembe lote mkononi. Greni 60. Kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta, risasi ya duara juu yake, kisha mdeki, taratibu, mpaka alama iliyochorwa kwenye ufito ilingane na mdomo wa mtutu. Kibebeo, kile kisahani kidogo kando ya mtutu, hakitiwi baruti ya kuwashia mpaka umesimama kwenye mstari na mtutu unaelekea mbele. Akasimama nyuma ya bega langu. Jiwe likagonga chuma, nikaona cheche, nikasikia fuu, halafu ndiyo mlio, na moshi mweupe ukanifunika wenye harufu ya yai viza. Kutoka ndani ya moshi huo nikasikia bamba la chuma kule mbali likilia.

Lakini hapo sikuwa mwanachama bado. Nilikuwa mwanachama jioni, aliponiita bombani. Masizi ya baruti nyeusi yanakula chuma, kwa hiyo mtutu lazima uoshwe siku hiyo hiyo, kwa maji ya moto na sabuni. Alinipa mdeki wenye tambara, nikasukuma na kuvuta, maji yakitoka meusi ti, halafu ya kijivu, halafu meupe, na wakati huo wote aliniuliza habari za babu, za Tabora, za watoto wangu. Alipopaka mafuta ya mwisho akaniambia gobori hilo nikae nalo nyumbani mpaka mwezi ujao. Ungekuwa wewe, usingerudi?

Kwa Waswahili mwali haachwi peke yake ajifundishe mambo. Ana kungwi wake, mtu mmoja anayejulikana, na mwali akikosea anaulizwa kungwi. Hilo ndilo ninalolidai kwenye klabu yetu. Kila mgeni apewe mtu mmoja kwa jina, wa kumpigia simu Jumatano, kumpokea Jumamosi, kumwazima kifaa kwa miezi mitatu kabla hajatoa senti kununua chake, na kuosha naye mtutu. Vya kuazima vipo. Tunazika wazee, magobori yao yanabaki kwa wajane wasiojua wayafanyie nini, yanaishia kuuzwa kwa bei ya kutupa. Tuwaombe wajane. Nimezungumza na wawili, wote wawili walilia na wote wawili walikubali.

Kungwi pia ndiye wa kueleza sheria. Ile sheria ya shirikisho ya kudhibiti bunduki ya 1968 haiyahesabu magobori ya aina hii sawa na bunduki nyingine, lakini kila jimbo lina yake, na mhamiaji ambaye karatasi zake bado ziko njiani anastahili kuelezwa hilo vizuri na mtu anayemwamini, kabla hajagusa chochote.

Na tuwaite nani? Kambini kwetu tunasimulia habari za wawindaji wa milima ya magharibi, kuanzia mkutano wao wa kwanza wa 1825 hadi wa mwisho wa 1840, kana kwamba hakuna wengine walioshindilia baruti nchi hii. Kikosi cha 28 cha askari weusi kilikusanywa hapa hapa Indianapolis, kikaenda mpaka Petersburg, Virginia, na watu wake wengi wakafa kwenye mapigano ya Julai 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, bunduki za kushindilia mikononi. Nililisoma hilo mwenyewe. Kijana mweusi wa mji huu akija uwanjani na kusimuliwa hao, atajua kwamba hakuja ugenini.

Kuna na Wakongo wenzetu wa Kiswahili, ambao Indianapolis na Louisville wameongezeka sana. Nilimwalika kijana wa miaka 15, mama yake akanijia kanisani. "Baba," akaniambia, "mutoto wangu nilimutosha kwenye bunduki. Weye unataka kumurudisha kule?" Familia ile imetoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Sikumjibu, kwa sababu hakukuwa na jibu la kumpa, na sijawahi kumshawishi tena.

Nilichofanya ni kumwuliza kama kijana anaweza kuja kuchonga. Klabu ina watu wanaotengeneza pembe, visu, mifuko ya ngozi, wanaofua chuma, na miaka yote tumewahesabu kama wapambe wa wapigaji. Mama alikuja kwanza yeye mwenyewe, akakaa siku nzima karibu na moto, mbali na mstari, akaangalia. Mwezi uliofuata akamleta.

Amekwisha kuja mara tano. Kungwi wake ni mzee yule yule wa kofia ya manyoya, ambaye siku hizi mikono inamtetemeka na hapigi tena. Jumamosi iliyopita walikuwa na pembe la ng'ombe kwenye sufuria ya maji yanayochemka, wakisubiri lilainike ili wapigilie kizibo cha mti kwenye kitako chake likiwa bado la moto. Mzee alishika pembe kwa koleo, kijana akagonga kizibo kwa nyundo ya mbao, pole pole, akizungusha kila pigo. Wakalisikiliza kama linapitisha hewa. Lilikuwa linapitisha kidogo, upande mmoja, wakalirudisha majini.