Ulilala Diani, Kwale Hukufika

Jumatatu mwenzangu wa ofisini hapa Upper Hill, Nairobi, alirudi kutoka Diani, kwenye ufuo wa Kwale, ngozi imeiva kwa jua. Nikamuuliza alikula nini. Chipsi na baga. Muziki je? Dijei wa hoteli. Halafu akasema neno lililonikaa rohoni hadi jioni: "Bahari ni nzuri, lakini kule hakuna utamaduni."

Kwale hakuna utamaduni? Kwa Wadigo na Waduruma, kwa Wavumba wa Vanga na Wasini, kwa Wapemba waliotambuliwa rasmi kuwa kabila la Kenya juzi tu mwaka 2023? Kwa Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, na mwaka 2016 wakafunga safari hadi Ikulu, papa hapa Nairobi, kudai uraia?

Chakula ndicho kinachoniuma zaidi. Mwaka juzi nilikaribishwa kijiji cha Gazi, huko huko Kwale, kwa mama wa rafiki yangu. Sijamaliza shikamoo, nimeshavutiwa kigoda. Yeye alikaa juu ya mbuzi ya kukunia, kifuu kikizunguka kiganjani, nazi ikidondoka kwenye sinia. Tui la kwanza alilikamua akaliweka kando, akalifunika kwa kawa. Mtsunga aliupika kwa tui jepesi. Ni mboga chungu, chungu kweli, na Wadigo hawaombi radhi kwa uchungu wake. "Tui zito huingia mwisho, mwanangu," aliniambia, "na ukishalitia usiache kukoroga, litakatika." Tulikula kwa sima na samaki wa kukaanga, watu saba sinia moja. Uchungu ule ulibaki ulimini, lakini nazi ilikuwa imeutuliza, na hadi leo sijapata mboga hapa mjini inayoufikia.

Kutoka lango la hoteli nyingi za Diani hadi Gazi ni mwendo mfupi tu wa gari.

Nakubali, aliyechoka ana haki ya kulala ufukweni wiki nzima. Watoto nao wanataka bwawa. Lakini nimewahi kukaa kwenye hoteli moja ambapo kikundi cha sengenya, ngoma ya Wadigo na Waduruma, kilipewa robo saa, kati ya supu na nyama, kisha kikatolewa kwa mlango wa nyuma. Sengenya hainogi kwa robo saa! Ngoma zinataka kupashwa moto, zumari itafute pumzi, upatu uwaite akina mama kutoka majikoni. Nimeiona harusini, imekesha, na bibi wa miaka sabini akicheza kuwashinda wajukuu.

Na msitu? Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, iko hapo hapo Diani. Makaya ya Mijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, yaliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008. Unafungwa kaniki kiunoni, unashusha sauti, na mwenyeji anakuonyesha mti gani ni dawa ya nini. Shimba Hills ndiko pekee utakakomwona palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda, nchini Kenya. Mikoko ya Gazi wanakijiji wanaitunza na kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayofyonzwa na miti hiyo, tangu 2013, na pesa zinaingia kwenye maji na shule yao.

Siku hizi hata feri ya Likoni pale Mombasa si kisingizio, kwani barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini hadi ng'ambo moja kwa moja.

Mwenzangu amesikiliza yote haya wakati wa chai. Ana siku nne za likizo zilizobaki. Nimempa namba ya mama wa Gazi, nikamwambia abebe sukari na majani ya chai, na asile kitu njiani.