Tapajós: Mnunuzi wa Dhahabu Naye Aulizwe

Kila inapozungumzwa zebaki iliyomo katika mto Tapajós, jimboni Pará nchini Brazili, ushauri wa kwanza huwa ni kwamba Wamunduruku, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wapunguze kula samaki. Kitabibu ushauri huo una msingi, hasa kwa mama mjamzito, kwa kuwa sumu hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kuishia hapo, hata hivyo, ni dhuluma, maana aliyekosewa ndiye anayetwishwa mzigo.

Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga ili inase chembe za dhahabu, kisha huchoma donge linalopatikana. Zebaki hupaa kama mvuke na dhahabu hubaki. Ile inayoishia mtoni hugeuzwa na bakteria wa kwenye tope kuwa sumu kali zaidi, ambayo hupanda kutoka kwa viumbe wadogo hadi kujilimbikiza katika samaki wanaokula wenzao, kama tucunaré. Samaki huyo hana harufu ngeni wala rangi ya kumshuku, na hata akipikwa vipi sumu haimtoki.

Mwaka 2019 watafiti wa Fiocruz, taasisi ya utafiti wa afya ya Brazili, walipima nywele za watu 200 katika vijiji vitatu vya Wamunduruku. Wote walikutwa na zebaki, na karibu 6 kati ya kila 10 walikuwa wamevuka mikrogramu 6 kwa gramu moja ya nywele, kiwango ambacho watafiti hao walikichukua kuwa kikomo cha usalama.

Katiba ya Brazili ya mwaka 1988, katika Ibara ya 231, hairuhusu madini yachimbwe katika ardhi ya wenyeji bila idhini ya Bunge na bila jamii husika kusikilizwa. Mwanya ulikuwa sokoni: sheria ya mwaka 2013 ilimruhusu mnunuzi kutegemea tamko la muuzaji kuhusu dhahabu ilikotoka, naye akahesabiwa kuwa na nia njema. Fomu moja ilitosha kuihalalisha dhahabu ya wizi, hadi Mahakama ya Juu iliposimamisha utaratibu huo Aprili 2023. Naiunga mkono hatua hiyo kwa dhati, lakini haitoshi. Mnunuzi alazimishwe kuonyesha shimo dhahabu ilikochimbwa. Akishindwa, itaifishwe, na thamani yake igharamie vipimo na matibabu ya watoto wa Tapajós kwa muda wote watakaoyahitaji.