Timu za afya mtaani zisiwe kisingizio cha kutoajiri daktari

Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2023 inataka zahanati na vituo vya afya viunganishwe na hospitali ya karibu, na wakazi wahudumiwe na timu ya watu kama afisa wa kliniki, muuguzi, mtu wa maabara, wa lishe, na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Je, Mombasa izipanue timu hizi haraka, ilhali madaktari wa familia, yaani mabingwa wa kutibu watu wa rika zote, ni wachache mno? Naona izipanue, ila kwa sharti.

Mkazi wa Likoni mwenye sukari na presha hahitaji daktari kila mwezi. Anahitaji kupimwa, kuangaliwa miguu asije akawa na kidonda asichokihisi, kupewa dawa, na mtu wa kumuuliza mbona mwezi uliopita hakuonekana. Muuguzi anayaweza hayo, na mhamasishaji wa mtaani anaweza hata kujua kwamba mama anagawana dawa zake na mumewe. Bila timu, wengi huvuka feri mpaka hospitali kuu ya Makadara, wakapanga foleni ili waandikiwe dawa zile zile. Kuwangoja madaktari wa familia nako ni kungoja sana: mafunzo yao ya uzamili yalianza Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005 tu, na wanaohitimu ni wachache.

Lakini madaktari wanaopinga wana hoja nzito. Wanahofia serikali itaona timu ni njia rahisi ya kukwepa kuajiri. Mwaka 2024 madaktari waligoma kuanzia Machi hadi Mei, malipo ya wanagenzi yakiwa kiini cha mzozo, huku wenzao waliofuzu wakikaa nyumbani bila kazi. Kwa hiyo uhaba wetu si wa wataalamu pekee, ni wa ajira pia. Tena yako maradhi yanayojificha: kifua kinachobana kikaitwa vidonda vya tumbo, mpaka moyo ukasimama. Hapo timu isiyo na daktari wa kumuuliza ni hatari.

Fungua daftari la mgonjwa yeyote, lile la shule lililokunjika pembe. Kila ukurasa una mwandiko wake, presha inapanda ukurasa hadi ukurasa, na hakuna aliyebadilisha dawa. Wahudumu walikuwapo, mwenye dhamana ndiye aliyekosekana. Brazil, iliyoanza timu zake mwaka 1994, iliipa kila timu kaya zake, na daktari akiwa ndani ya timu.

Sharti langu ni hilo: kila timu iwe na kaya inazozijua na daktari anayekuja siku inayofahamika na kupokea simu siku nyingine. Kwa hiyo bajeti ya kaunti ndiyo ya kutazamwa. Ikiwa na mikoba ya vifaa vya wahamasishaji lakini haina nafasi ya daktari kwa vituo vya Likoni, Jomvu na Kisauni, hofu ya madaktari itakuwa imethibitika.